Mkalimani Aliyekataa Kukata Mgomba

Mjini Kindu watu walimwita Mkalimani. Mimi nilimwita Baba, kama inavyompasa mke wa mtoto wa mtu. Jina lake halisi sikulitamka hata siku moja, na leo pia sitalitamka. Kwetu mkamwana hamtaji mkwewe kwa jina, na ingawa nina sababu nyingi za kumvunjia heshima mzee yule, hiyo moja nitamwachia. Alizaliwa wapi, na ukoo wake ulitoka upande gani wa mto, waulizeni ndugu zake. Mimi nitasema niliyoyaona katika miaka niliyopika, niliyofua na niliyongoja chini ya paa lake.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake alilifunga vifungo vyote hadi kooni, hata kwenye jua la saa nane ambapo mbuzi wenyewe hukimbilia kivuli. Hakucheka kwa sauti. Jambo likimfurahisha alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaendelea na alilokuwa akifanya. Watoto wa mtaani walimwogopa mpaka siku walipomwona akila muwa, kwa maana alikula muwa kama mtoto mwenzao, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko, na ndiyo saa pekee kola ile ilifunguliwa.

Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya wageni. Wahubiri waliosema Kiingereza walipokuja kutoka ng'ambo, yeye alisimama kushoto kwao kanisani akiyageuza maneno yao yawe Kiswahili. Siku za kawaida alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, katika mji ambao watu wake wanaandika Kifaransa, wanauziana kwa Kiswahili na wanagombana kwa lugha za mama zao. Kiingereza kilikuwa kitu cha kuonyeshea tu, kama viatu vyeupe, na ni yeye peke yake aliyekivaa kila siku.

Sheria yake ilikuwa moja: haongezi, hapunguzi. Siku moja mhubiri mgeni, aliyekuwa amenyeshewa njiani na kunyimwa kahawa, alisema mimbarani kwamba watu wa Maniema, mkoa wetu, wangekuwa na barabara nzuri kama wangependa kazi kuliko pombe. Wachache waliojua Kiingereza waliinama. Walitegemea Mkalimani atalifunika tusi hilo kwa maneno laini. Akalitoa zima, na pombe yake ndani. Kanisa likanguruma. Ibada ilipokwisha mchungaji alimvuta nyuma ya jengo.

"Mzee, ungepunguza hata kidogo."

"Mi niko tiyo ya mayi tu, Pasta," alijibu, yaani bomba la kupitisha maji tu. "Kama mayi iko muchafu, uende uangalie kwenye inatokea."

Mimi mwenyewe niliingia nyumba ile kupitia mdomo wake. Wajomba zangu walitoka Kibombo kuja kuzungumza mahari, na mkubwa wao hakupenda kusema mambo mazito kwa Kiswahili. Alitaka lugha ya nyumbani. Mkalimani aliijua. Basi akawa baba wa bwana harusi na papo hapo mfasiri wa pande zote mbili, kazi ambayo mtu mwenye akili zake angeikataa. Katikati ya mazungumzo mdogo wake alimwinamia akamnong'oneza, "Uwaambie mbuzi mbili. Ile ya tatu tumeificha kwa jirani." Baba akawageukia wajomba zangu akafasiri yote: mbuzi wawili, mbuzi wa tatu, na jirani. Wajomba walicheka wakashika mbavu. Mdogo wake alimnunia mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nami, niliyekuwa nikichungulia nyuma ya pazia, nilimpenda mzee yule kabla sijajua vizuri kumpenda mwanawe. Nilijiambia kwamba katika nyumba hii sitadanganywa.

Mwanawe aliitwa Faustin. Alikuwa fundi wa reli, mtoto pekee wa Baba na Mama mkwe, mtu wa kelele na mzaha, aliyerudi jioni akinuka mafuta mazito na kumwita baba yake "Londoni". Baba alikuwa akifumba macho kidogo, akayafumbua.

Kilichomtoa Baba katika utaratibu wake ni kucheleweshwa. Alichagua mji mbaya wa kuwa na ugonjwa huo, kwa kuwa Kindu ni mji wa kungoja: treni ya kusini ilikuja ilipotaka, boti ya kaskazini vivyo hivyo, na mshahara wa walimu usiseme. Lakini yeye hakuzoea. Harusi ikitangazwa saa tatu, saa tatu yupo kwenye kiti. Saa nne anasimama, anawapa mkono wachache waliofika, anarudi nyumbani kula ugali wake. Harusi ya mpwa wake mwenyewe aliiacha hivyo, na bibi harusi alipoingia kanisani kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Nadhani ni hasira hiyo iliyomfanya alipende neno moja la Kiingereza kuliko yote, au alichukie, sikuwahi kujua lipi. Neno lenyewe ni soon. Mwanafunzi yeyote aliyepita mikononi mwake anaweza kukupa somo hilo hata leo. Mimi sikukaa darasani kwake; nililipata jikoni, nikimenya mihogo, siku nilipomwambia kwamba chakula kitakuwa tayari sasa hivi. Aliinua kidole.

Alikuwa amefundishwa, alisema, na bibi mmoja mzungu mzee wa misheni aliyekuwa na kamusi nene ya maneno ya kale. Zamani sana Waingereza walilitamka sona, na maana yake ilikuwa papo hapo. Mtu akisema nakuja sona, basi ameshasimama, mguu uko hewani. Halafu watu wakaanza kulisema huku wamekaa. Tajiri alimwambia mtumishi atamlipa soon, mwana akamwambia mama atarudi soon, na kila mmoja akajiibia dakika chache. Miaka ikaenda, mia kwa mia, neno likachoka. Likatoka kwenye papo hapo, likaenda kukaa kwenye baadaye kidogo, na baadaye kidogo haina ukuta wala mlango.

"Ile neno haikufa yenyewe," aliniambia. "Watu njo waliiua, kila muntu kidogo-kidogo. Na iko na ndugu yake, presently, yeye pia alikufa vile vile. Tout de suite ya Wafaransa iko hospitali tangu zamani. Sasa angalia hii sasa hivi yako, binti yangu. Imeanza kukohoa."

Nilicheka hadi kisu kikaniponyoka. Faustin, aliyekuwa akinawa uani, alipaza sauti, "Londoni, uache muke yangu apike!" Hayo yalikuwa maisha yetu, na yalikuwa mazuri. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba tuliwahi kuwa nayo.

Kisha vita vikaja. Jeshi lililotoka mashariki, wageni na wenyeji waliochanganyika, likaushika mji. Msituni pande zote wakawa wapiganaji wengine, wenye uchungu na jeshi hilo na wenye shaka na yeyote aliyekuwa akiishi chini yake. Sisi tukawa katikati. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya mahali ambapo mtu angeweza kufika na kurudi. Treni ilikoma. Chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko cha chai, na sombe, yaani kisamvu, tuliyapika bila mafuta ya mawese, majani matupu na maji, tukayaita chakula kwa kuwa yalikuwa na moto. Wanawake waliothubutu kwenda shambani wengine hawakurudi, na waliorudi hawakusimulia.

Katika njaa ile nilimjua Baba kwa upande mwingine. Kila jioni tumbo lilimuuma. Alisukuma sahani yake kwangu, kwa sababu nilikuwa na mimba, akasema sombe ya leo haimkubali, kesho labda. Tumbo hilo lilimuuma miezi na miezi. Mama mkwe alipougua malaria, yeye ndiye aliyefua nguo zake mtoni, mbele ya wanawake wote, mwalimu mzima na kola yake. Walimcheka. Akaendelea kusugua. Ndiyo maana siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, na Mungu anajua ningependa kusema hivyo.

Walimchukua Faustin kwenye karakana ya reli, mchana, pamoja na wanaume wengine waliokuwa wakikaa pale kulinda vyuma vyao. Askari walitaka wabebaji wa mizigo kwenye njia ya Kalima. Siku ya kwanza tukajiambia atarudi kesho. Kesho yake Mama mkwe akaacha kula. Alikaa kwenye mkeka uani akitazama mlango wa parsela, yaani kiwanja chetu, sahani ikiwekwa na kuondolewa. Hakulia. Siku zikafuatana, na akaanza kuwa mwepesi mpaka nilipomwinua kumpeleka msalani nilihisi nimebeba nguo.

Ndipo Baba akasema twende kwa mkubwa wa jeshi. Mkubwa huyo alikuwa mgeni. Kiswahili alikijua cha kuamrisha tu, na mazungumzo alipenda kuyafanya kwa Kiingereza. Alikaa katika nyumba nzuri karibu na mto, nyumba iliyokuwa ya mtu mwingine. Mama mkwe alikataa kubaki. Nilimshika mkono mmoja, Baba mwingine, na tumbo langu mbele, tukaenda.

Tulisimama chini ya ngazi za baraza. Mkubwa akatoka akiwa amevaa kandambili. Alimsalimu Baba kwa adabu, naweza kusema hata kwa huruma, na wakazungumza. Kiingereza sikijui. Niliona tu midomo. Baba aliuliza, mkubwa akajibu kwa sauti ya chini, maneno mengi, akitazama pembeni. Baba akauliza tena kitu kifupi. Mkubwa akajibu neno moja au mawili, akampa mkono, akaingia ndani.

Baba alikuwa ametupa kisogo. Alipogeuka alimtazama mke wake, kisha akanitazama mimi.

"Amesema nini?" Mama mkwe aliuliza. Sauti yake ilitoka kama karatasi.

"Amesema soon," Baba alijibu.

"Njo kusema nini? Ile ya zamani ao ile ya sasa?" niliuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa.

"Ile ya zamani," alisema. "Atarudi. Ukule, mama Faustin. Hatutaki akukute hivi."

Mama mkwe alikula. Tulikuwa na kuku mmoja aliyebaki na mchele kidogo wa Kibombo niliouficha kwa ajili ya uzazi. Nilipika vyote. Alikula akitetemeka, akanyonya hadi mifupa, na Baba alikaa mbele yake akimwangalia kila tonge linavyoshuka. Yeye hakugusa. Tumbo, alisema. Nilifurahi usiku ule kiasi kwamba nililala na mkono wangu kwenye upande wa kitanda wa Faustin, nikiupasha moto.

Binti yetu Sifa alizaliwa baba yake hayupo. Mwezi ukapita, na mwingine. Kila Jumamosi Mama mkwe aliifua ovaroli ya kazi ya mwanawe ili aikute safi, akaianika, akaikunja. Iliendelea kufuliwa hadi rangi yake ya buluu ikawa nyeupe na magoti yakapasuka kwa sabuni bila kuvaliwa. Vita vilipopoa, wakaja askari wa kofia za buluu, wa nchi nyingi, na Baba akapata kazi tena ya kusimama kando ya wageni. Treni ya kwanza ilipoingia mji mzima ulikwenda stesheni, wengine wakilia, wengine wakipiga magoti na kugusa reli. Mama mkwe alienda na ovaroli mkononi. Alitazama kila aliyeshuka. Mwaka huo huo alifariki. Alikuwa mgonjwa wa mambo mengi, lakini mimi niliyemwosha najua alikufa kwa kungoja.

Sasa lazima nieleze desturi, maana hapo ndipo maisha yangu yalipofungwa. Kwa watu wa nyumba ile mtu akifa mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba. Unavikwa nguo zake, unalazwa ndani, unaliliwa matanga kama mtu, unazikwa. Mjane anaoshwa, ananyolewa, na baada ya muda wazee wanakaa na kumwachia njia: abaki akitaka, aende akitaka, na juu ya watoto wanapatana. Lakini panga la kwanza kwenye mgomba lazima lishikwe na baba wa marehemu. Asipokata, hakuna maiti. Bila maiti hakuna mjane. Mwanamke ni mke wa mtu, na akiondoka ameiba: yeye ni malaya na mtoto anabaki.

Wajomba zangu walikuja kutoka Kibombo mara ya kwanza baada ya kifo cha Mama mkwe. Mzee yule wa mahari alikuwa bado hai. Alizungumza vizuri, bila kelele.

"Shemeji, vita imekwisha. Wale walirudi, walirudi. Kata mugomba, mutoto wetu apumue."

"Soon," Baba alisema.

Hakufasiri. Alilitoa hivyo hivyo, kwa Kiingereza, kwa watu wa Kibombo. Walirudi baadaye, wakarudi tena, na kila mara jibu ni hilo. Mjomba mkubwa alikufa akiwa hajalipata jingine. Mimi nilikuwa nikisikiliza nyuma ya ukuta, na kila nilipolisikia neno lile damu ilinipanda. Ni yeye aliyenifundisha jinsi linavyouawa! Mtu asiyeweza kungoja bibi harusi saa moja alinikalisha mimi mwaka baada ya mwaka kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Palikuwa na mwanamume. Nitamsema kwa kifupi kwa sababu bado inauma. Alikuwa wa familia ya Kasai, watu wa reli, mpole, mjane wa kweli mwenye watoto wawili. Alinunua mchele kwangu sokoni hata alipokuwa nao nyumbani. Alimfuata Baba kwa heshima, na kitambaa cha nguo kwa zawadi, akaeleza nia yake. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia mke wa Faustin ni mke wa Faustin. Yule bwana alingoja. Alingoja kupita nilivyostahili. Mwishowe alihamishiwa Kongolo, akaniambia, "Mama Sifa, tuende. Achana na mugomba." Nilimtazama Sifa akicheza kamba uani kwa babu yake. Nikasema siwezi. Alioa huko.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikuichukia nyumba ile kabisa. Ni kwa sababu ya Sifa. Babu yake alimlea kama yai. Alimpeleka shule akimshika mkono, alimfundisha Kiingereza tangu hajang'oa meno ya kwanza, wakisemezana uani kwa lugha ambayo mimi sikuielewa, wakifumba macho pamoja. Leo Sifa ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Nilipowaona wawili hao nilijiambia kwamba labda mzee anajua anachofanya; labda mtu anayejali maneno kiasi hiki hawezi kuning'ang'ania bure. Nilianza hata kuamini kwamba Faustin atarudi. Nilipopita barabara ya uwanja wa ndege nilichungulia nyuso za wanaume wa umri wake. Niliota amerudi na mvi. Mwanamke wa miaka hamsini, meno yananitoka, naota!

Kiangazi kilichopita Baba alituita. Alikuwa amehamia Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa watu wa ukoo wake, maana miguu ilikuwa imekataa na nyumba ya mjini ilianguka upande. Tulivuka na Sifa kwa mtumbwi wa mota, tukamkuta amekalishwa uani juu ya kitanda cha kamba, blanketi magotini, kola imefungwa. Mlangoni palikuwa na panga jipya limeegemezwa. Aliomba wengine watoke. Tukabaki watatu.

"Binti yangu," alianza. Akaanza tena, "Binti yangu, Faustin..." Kiswahili kikagoma kutoka. Niliona kwa macho yangu mtu aliyefasiri kwa miaka mingi akitafuta neno na kulikosa. Ghafla akaanza kusema Kiingereza. Alisema polepole, akitazama blanketi, na Sifa, aliyekuwa akimmenyea chungwa, akaacha kisu.

"Anasema nini?" niliuliza.

Sifa aliliweka chungwa chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Sema," Baba alimwambia kwa Kiswahili. "Umwambie mama yako. Hapana punguza."

Sifa akashika mikono yangu miwili. Alifasiri kama alivyofundishwa, sentensi kwa sentensi, akingoja babu yake amalize moja ndipo aitoe.

"Anasema, siku ile tulienda kwa mukubwa, ile neno soon hakuisema. Mukubwa alimwambia: mutoto yako amekufa tangu juzi. Alishindwa kubeba. Aliangukia kwenye barabara ya Kalima, wakamupiga risasi. Anasema alimuuliza: mwili iko wapi? Mukubwa akajibu: uache." Sifa alivuta pumzi. "Anasema aligeuka, akaona mama ya Faustin namna alikuwa. Siku nyingi hakukula. Akaona tumbo yako, na mimi ndani. Anasema alitaka mama akule kwanza. Angewaambia kesho. Kesho ikawa nzito kuliko leo. Kila siku ikawa nzito kuliko ile imepita."

Jogoo mmoja alikuwa akiparura karibu na kitanda. Nakumbuka nilimfukuza kwa mguu.

"Mama alikula," nilisema. Sikupitia kwa Sifa. Nilimwambia yeye mwenyewe. "Bon. Alikula. Kisha akakufa. Siku tulimuzika, juu ya nini haukusema? Mama hakuwa tena. Ulikuwa unamuficha nani?"

Aliinua macho. Safari hii Kiswahili kilimtii.

"Mungeenda," alisema. "Wewe na Sifa. Mi ningebaki na nani?"

Hapo nilimchukia. Sioni haya kuandika. Nilimchukia kwa ajili ya mjomba aliyekufa na jibu la Kiingereza, kwa ajili ya ovaroli iliyofuliwa ikawa nyeupe, kwa ajili ya bwana wa Kongolo na watoto ambao sikuwazaa. Nilitaka kumpiga mzee asiyeweza kusimama. Na katikati ya chuki hiyo, kama mtu anayesukumwa na wengine kwenye mlango mwembamba, aliingia Faustin. Si yule mwenye mvi niliyemwota. Kijana, ananuka mafuta, amelala kwenye barabara ya Kalima na mzigo wa watu wengine kando yake, hakuna hata mmoja wa kumfumba macho. Alikuwa amelala pale wakati mimi naupasha moto upande wake wa kitanda.

Nilifungua kitambaa cha kichwa, nikakaa chini kwenye udongo, nikapiga kilio. Sikujua kama bado ninacho. Kilitoka kirefu, cha matanga, kile kinachovuka parsela tatu, na Sifa akaanguka karibu yangu akimlilia baba ambaye hakumjua.

Majirani wa Alunguli wakaja mbio, wanawake wakifunga vitenge vyao njiani, wakidhani kwamba mzee amekwenda. Wakamkuta amekaa, macho wazi, kola imefungwa, machozi yanamwingia mdomoni. Walisimama wakashangaa. Mama mmoja wa makamo, simjui, aliinama akanishika bega.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Bwana yangu."

"Yesu! Amekufa lini?"

Nilimtazama Mkalimani. Alikuwa akinitazama.

"Leo," nikasema.